Dang, Kisha Dut

Zipo vidio nyingi za Kiindonesia ambazo mwimbaji hayumo kabisa. Jukwaa limeshasimamishwa uwanjani, jua ni la saa nane mchana, viti vya plastiki bado vimebebana, na kule nyuma mtu anapita na nyaya begani. Wenyewe huziita cek sound: hupigwa saa chache kabla ya shughuli, fundi mitambo anapopima sauti ya chombo kimoja kimoja. Mtu mwenye kazi zake angezipita. Mimi huzitafuta, na nikizipata huvumilia gitaa, huvumilia vinanda viwili, huvumilia hata yule anayehesabu moja mbili, moja mbili kwenye kipaza sauti kana kwamba analipwa kwa neno, mpaka ifike zamu ya mpiga ngoma.

Ninayoirudia zaidi ni ya mwanamume wa makamo mwenye kofia ya kapelo. Amevua kandambili, ameziweka sambamba, akaketi juu ya kijukwaa chake. Mbele yake zimesimama ngoma mbili fupi, moja nyembamba na moja nene kidogo. Hizo ni ketipung. Ubavuni imelala ngoma ndefu yenye nyuso mbili, kendang ya Wasunda wa Jawa Magharibi. Anaigusa ile nyembamba mara moja kwa ncha ya kidole, kisha anangoja. Mlio unakwenda mpaka kwenye spika za uwanjani, unarudi, naye ameinamisha kichwa kama mtu anayeonja mchuzi. Anachukua spana, anakaza skrubu moja nusu mzunguko, anapiga tena, safari hii karibu kabisa na skrubu ile. Anangoja tena. Haridhiki. Anailegeza robo. Dakika nzima inapita hivyo, na fundi mitambo anaonekana pembeni akimtazama pasipo kumharakisha, jambo ambalo kwa mafundi mitambo ninaowajua mimi ni heshima kubwa.

Halafu, bila kutangaza, anaachia. Mkono wa kulia unatoa mlio mkavu, wa juu, wenye makali. Wa kushoto unashukia ngoma nene, na kabla sauti haijafa kisigino cha kiganja kinaikandamiza ngozi na kuisukuma mbele kidogo. Sauti inapanda. Inaanzia chini na kumalizikia juu, kama mtu aliyeguna kisha akaugeuza mguno wake kuwa swali.

Mlio ule mkavu ni dang, na mguno ni dut, na muziki mzima umebatizwa kwa sauti hizo mbili. Katika duru ya mapigo manne, dang hudondoka kwenye pigo la nne na dut hulipokea kwenye la kwanza linalofuata. Hapo ndipo mwili unaponaswa, kwa kuwa duru haifungwi pale unapotarajia ifungwe. Inavuka ukingo na kuanguka upande wa pili. Jina dangdut lilienea mapema miaka ya 1970 vinywani mwa watu waliokuwa wakiucheka muziki huo, vijana wa mjini wapenzi wa roki, waliouona ni kelele za makabwela na watumishi wa ndani. Ni kama mtu wa kwetu angetaka kuidharau taarabu akaiita dumu-tak. Rhoma Irama wa Tasikmalaya, aliyekuja kuitwa Mfalme wa Dangdut, alilichukua tusi akalitungia wimbo, na tangu hapo likawa jina la heshima.

Msomaji wa Mombasa au Unguja hawezi kuwa mgeni katika nasaba hii. Kabla ya kuitwa dangdut muziki huu ulikuwa wa bendi zilizojiita orkes Melayu, na mpaka leo bendi kubwa za Jawa Mashariki hutanguliza herufi OM mbele ya majina yao. Ukisikiliza sahani za miaka ya 1950 na 1960 utayakuta yale yale yaliyopita kwetu. Sinema za Kihindi zilitia nanga, watu wakatoka ukumbini na nyimbo midomoni, wakazivika maneno ya kwao. Ellya Khadam aliimba juu ya mwanasesere wa kutoka India. Juma Bhalo alifanya lake Mombasa, kwa tabla na harmonia na Kiswahili cha Kimvita. Na yuko mtunzi wao mkubwa wa zama hizo, Husein Bawafie, ambaye jina lake ukilitaja Mji wa Kale mtu atakuuliza ni wa ukoo wa nani, maana Wahadhrami walikwenda pande zote mbili za bahari na ala zao mikononi. Huku ala yao ya nyuzi ikawa kibangala. Kule ikabaki na jina la gambus, na Surabaya ilikuwa na bingwa wake, Syech Albar, aliyekuwa akirekodi tangu miaka ya 1930. Ndiyo maana nilipoisikia dut kwa mara ya kwanza sikushangaa. Nilidhani ni mtu wa kwetu amekwenda mbali.

Ila yule wa kofia hapigi dangdut ya Rhoma. Anapiga koplo, kitinda mimba wa ukoo huu, aliyepata umbo Jawa Mashariki katika miaka ya 1990. Jina lake nalo ni la uchochoroni: koplo ni vidonge rahisi vya kulevya, na waliouita hivyo walimaanisha kwamba ukiusikia utakuwa kama uliyevimeza. Mwendo umeongezwa mara dufu. Zaidi ya hapo, imeingizwa ile kendang ndefu, ambayo imetoka kwenye jaipongan, mchezo uliosukwa Bandung na Gugum Gumbira katika miaka ya 1970. Mpigaji wa Kisunda hutumia na mguu: kisigino hukandamiza ngozi ya uso mkubwa, sauti ikapanda na kushuka wakati mikono ina kazi nyingine. Kwa hiyo yule mtu ana vitu vitatu vya kugeuzia sauti, viganja viwili na unyayo mmoja, na ndiyo sababu ya zile kandambili kuvuliwa.

Jaipongan imeleta jambo jingine ambalo ni kubwa kuliko ngoma yenyewe. Katika mchezo ule kila bega linalotikisika na kila nyonga inayokatwa ina pigo lake, na macho ya mpigaji hayabanduki mwilini mwa mchezaji. Wapigaji wetu wa chakacha wanaijua hali hiyo. Vumi likinguruma chini, chapuo ndilo linalosemezana na viuno. Koplo imeichukua adabu hiyo na kuihamishia kwa mwimbaji. Mwimbaji wa koplo huimba na kucheza, na mara nyingi si wa bendi ile. Amekodiwa peke yake, amefika na gari lake, ana nyimbo nne tano kisha anakwenda shughuli nyingine. Huenda jina la wimbo likatajwa akiwa anapanda ngazi. Mpiga kendang hajui leo atainua mkono wapi wala atazungukia upande gani. Inabidi amsome.

Nilimwonyesha mjomba wangu vidio mojawapo. Kwa miaka mingi alipiga dumbaki harusini, na sasa vidole vimekakamaa, amebaki kutia kasoro za wengine. Nilitaka asikie ile kasi. Yeye hakuijali kasi. Alisema, “Hebu rudisha nyuma kidogo,” nikarudisha. “Tena.” Nikarudisha. Akaninyooshea kidole kwenye kioo cha simu, si kwa mpigaji bali kwa mwimbaji.

“Umeona? Amemngoja mwana wa watu avute pumzi.”

“Wapi, mjomba?”

“Hapo. Kifua kimeinuka. Hakupiga mpaka kimeshuka.”

Nilikuwa nimeitazama vidio ile labda mara ishirini na sikuwa nimekiona kifua hicho. Tangu siku ile naziangalia kwa namna nyingine, na naona kwamba sifa ninazosoma juu ya wapigaji hawa, kwamba mikono yao haionekani kwa wepesi, zinasifu lililo jepesi. Kasi hupatikana kwa mazoezi, na Jawa kuna vijana wengi wenye kasi. Kinachomtenga fundi ni namna anavyokaa kimya.

Chukua wimbo wa kawaida. Unaanza polepole, kinanda na filimbi ya mianzi, mwimbaji akilalamika juu ya mpenzi aliyeondoka, kwa maana nyimbo hizi nyingi ni za Kijawa na Wajawa wana karama ya kulalamika vizuri. Mpigaji yuko kwenye dangdut ya kawaida, anaweka dang yake, anaweka dut yake, na baina yake anaacha nafasi pana kabisa. Mkono wa kulia unapumzika juu ya ngozi bila kuibonyeza. Ubeti unakwisha. Neno la mwisho linavutwa. Mpigaji anatia mapigo matatu manne ya haraka, mpiga matari anainua tari lake, bendi nzima inakata.

Kimya.

Ni kitu cha nusu sekunde, pengine pungufu. Hakimo chochote. Lakini uwanja mzima umeinua mguu mmoja na hauwezi kuushusha mpaka mtu yule aamue. Akiwahi, wanajikwaa. Akichelewa kidogo tu, hamu inamwagika, na koplo itakayofuata itakuwa kelele ya kawaida. Akiipatia, pigo linapoanguka huoni kwamba ni yeye aliyelipiga; unadhani ni watu waliolikanyaga kwa miguu yao. Nusu sekunde hiyo haina urefu maalumu. Mchana wa jua kali huwa fupi, usiku watu walipochangamka huweza kuvutwa. Kwa mwimbaji mwenye madaha huwa ndefu kuliko kwa yule mwenye pupa. Nimejaribu kuipima kwa saa ya simu nikaona upuuzi wangu.

Kisha koplo inashuka na watazamaji wanaanza kuitikia kwa vile vibwagizo vyao, maneno ya mzaha yanayojazwa kwenye nafasi alizoziacha mpigaji. Huitwa senggakan. Kimoja kilichovuma sana mwaka 2019 kilitaja cendol dawet, kinywaji baridi cha tui la nazi na sukari ya mnazi kinachouzwa barabarani, na hakikuwa na uhusiano wowote na mapenzi yaliyokuwa yakiimbwa. Hakuna aliyejali. Mpigaji alikuwa ameacha shimo, na watu walipata cha kulifukia.

Miongoni mwa wanaotazamwa sana kwa kazi hii ni mpigaji wa bendi ya New Pallapa anayejulikana kwa jina la Cak Met. Cak ni kama sisi tunavyosema Kaka, ni heshima ya Jawa Mashariki, na sidhani kama kuna bendi nyingi duniani ambazo mpiga ngoma wake ana wafuasi wake mbali na wa waimbaji.

Wafuasi hao wamezaliwa na picha. Hapo zamani mpiga kendang alikuwa mtu wa nyuma, anayesikika tu. Redio haikumwonyesha, na televisheni ya Jakarta ilipomwonyesha ilimpitia kama inavyopitia pazia. Waliomtoa mbele ni wapiga picha wa shughuli za vijijini. Shughuli yenyewe huitwa hajatan, na asili ya neno ni ile ile ya haja yetu: mtu ana harusi, ana tohara ya mwanawe, au kijiji cha wavuvi wa pwani ya kaskazini kinatoa sadaka ya bahari, nao huiita sedekah laut. Bendi inakodiwa, mpiga picha naye anakodiwa, na enzi za diski, kutoka hapo ilitoka VCD iliyouzwa sokoni kwa bei ya sahani ya wali. Mpiga picha yule ana saa tano za kujaza. Mwimbaji anapokwenda kunywa maji, atafanya nini? Anageuza kamera kwa mikono ya mpiga ngoma na kuiacha hapo. Kwa uvivu huo mtukufu ikapatikana maktaba ya mapigo.

Maktaba hiyo ilianza kwa kashfa. Inul Daratista, binti wa Pasuruan, alikuwa na mtindo wa kuzungusha kiuno ulioitwa ngebor, yaani kutoboa kwa keekee, na diski za maonyesho yake zilirudufiwa na kuuzwa kila mahali bila yeye kuulizwa. Mwaka 2003 televisheni za Jakarta zikamchukua, Rhoma Irama akamkemea hadharani, wanazuoni wakasema, wanawake wakasema, nchi nzima ikajadili kiuno kimoja. Mimi nikizitazama diski zile leo natazama mkono wa mpigaji pembeni. Keekee ile ilihitaji mtu wa kuiendesha. Kila mzunguko umefuatishwa na mvumo wa vidole, ukiongezeka anapoinama, ukikatwa pale pale anapoinuka. Wote walimhukumu Inul, na mshiriki wake wa karibu kabisa hakuulizwa neno.

Siku hizi aibu imekwisha. Via Vallen, aliyepita kwenye majukwaa hayo hayo ya Jawa Mashariki, aliimba wimbo wa mashindano kwenye ufunguzi wa Michezo ya Asia mjini Jakarta, tarehe 18 Agosti 2018. Tarehe 17 Agosti 2022, siku ya uhuru wao, mvulana wa Banyuwangi aitwaye Farel Prayoga aliimba ikulu mbele ya Rais Joko Widodo, na mawaziri wakainuka kucheza.

Sitaki kuipamba kuliko ilivyo. Vidio nyingi za koplo ni uchafu mtupu: wimbo mmoja unapigwa na bendi kumi kwa mwezi mmoja, mtunzi haoni senti, na kamera mara nyingi inakaa chini mno panapomhusu mwimbaji wa kike. Wimbo uliompaisha Via Vallen, “Sayang”, una sauti iliyochukuliwa kutoka kwa wimbo wa Kijapani wa kundi la Kiroro. Hilo la mwisho siwezi kulikemea kwa sauti kubwa, kwa kuwa ninatoka kwenye pwani iliyoimba filamu nzima za Bombay bila kuomba ruhusa.

Na kuna suala la fedha, ambalo nalo lina ufundi wake. Sisi husema kutunza. Wao husema saweran. Mtu anapanda jukwaani na noti mkononi, anazitoa moja moja, na anataka kila noti ionekane. Nimewaona watu wa aina hiyo kwenye taarabu wakisimama mpaka mwimbaji arudie ubeti ule ule mara sita. Jawa, mzigo huo humwangukia mpiga kendang. Wimbo ulipaswa kukatwa, lakini mheshimiwa bado ana noti. Mpigaji anazitazama zile noti. Anafungua duru nyingine, anaizungusha, anatia vikorombwezo ili isichoshe, huku akimpa mpiga besi ishara kwa nyusi. Noti zinapobaki mbili anaanza kukusanya. Inapotoka ya mwisho bendi inakata, na mtunzaji anashuka akiamini kwamba wimbo ulimalizikia kwake. Neno hilo la saweran limehamia mtandaoni na maana yake yote. Anayerusha vidio mubashara akitumiwa chochote na watazamaji, husema ametunzwa. Kilichokosekana huko ni mtu wa kuzihesabu noti kwa pembe ya jicho.

Wanafunzi wa maktaba ile ya mapigo hawakungoja kununuliwa ngoma. Kwenye taa za barabarani na ndani ya mabasi ya Jawa kuna vijana waombaji wa muziki wanaopiga kendang za mabomba ya plastiki, yale ya maji, yaliyokatwa kwa urefu mbalimbali na kufungwa pamoja, yakawambwa kwa mpira wa ndani wa tairi. Mpira hauna skrubu. Sauti inatafutwa kwa kuuvuta na kuufunga upya, na kwa urefu wa bomba. Nimemwona mmoja kwenye vidio, hata miaka kumi na miwili sidhani kama alifika, ameweka bomba lake magotini kwenye ukingo wa barabara. Alikuwa ameshaweza ule mguno. Alikandamiza mpira kwa kisigino cha kiganja, sauti ikapanda, ikauliza swali lake. Alichokuwa hajakiweza ni kungoja. Mwenzake wa gitaa alikuwa bado anaimba mwisho wa ubeti na yeye ameshaangusha koplo, akacheka, wakaanza upya. Aliwahi tena.

Yule wa kofia, kwenye vidio yangu ya cek sound, anapiga dakika mbili hivi baada ya kuridhika na skrubu zake. Hakuna mwimbaji, kwa hiyo hana wa kumsoma, na unaona jinsi anavyopata taabu: macho yanakwenda katikati ya jukwaa, pale ambapo usiku patakuwa na mtu, yanapakuta patupu, yanarudi. Anafika kwenye mkato. Anakata. Anaangalia tena pale patupu, mkono uko hewani, na fundi mitambo ameondoa kidole kwenye swichi zake. Mkono haushuki. Anautandaza, anaipapasa ngozi kuondoa vumbi, anafunika zile ngoma mbili kwa kitambaa cha batiki, halafu anaanza kutafuta kandambili zake kwa mguu.